Jani la Sale Kutoka Tottenham

Tottenham, London
Novemba 1998

Mdogo wangu Remi,

Kwanza nataka kujua: mama ameacha kukohoa? Mvua zimefika huko Kibosho? Mimi mzima, ila baridi inanitafuna vidole. Barua hii anaileta mwenzangu wa kanisani anayesafiri kesho, maana kwa posta ingefika ukiwa umeshatia sahihi.

Ulinikatia simu, na nilistahili. Hasira hasara. Lakini ulisema Ijumaa unamuuzia yule mwenye hoteli nusu ya kihamba cha baba, shamba la ukoo alilokuachia, upate nauli ya kuja huku, eti kulima migomba si kazi ya mtu. Ndipo nikakuita mvivu, wifi yangu akisikia.

Sasa sikiliza. Mzee ninayemwogesha na kumlisha, Bwana Arthur, alinikuta nalia jikoni. Nikamweleza yote. Akasema, "Kwetu tulikuwa yeoman."

Nikamwuliza ndiyo nini. Akasema zamani sana waliitwa hivyo watumishi wa heshima katika nyumba za mabwana. Baadaye likawa jina la mkulima mwenye shamba lake, si bwana mkubwa wala kibarua. Alilima kwa mikono yake, aliitwa barazani kesi zikiamuliwa, na vita vikija alitoka na upinde wake.

"Sasa wako wapi?"

"Babu wa babu yangu alimuuzia jirani tajiri kipande kimoja. Kipande tu. Halafu kingine. Wanawe wakawa vibarua kwenye shamba lilelile, wajukuu wakakimbilia London. Mimi nimeishi nyumba za kupanga maisha yangu yote. Siku hizi ukitaka kumwona yeoman, nenda kwenye ile ngome ya kifalme kando ya mto. Ni walinzi, wageni wanawapiga picha."

Remi, niliogopa. Katika hao vibarua niliwaona wanao.

Na kosa ni langu pia. Ile nyumba ya ghorofa kwenye picha niliyowatumia si yangu. Nina chumba kimoja, na jiko tunaligombea watu sita. Nimewadanganya miaka minne kwa aibu. Mimi binti sikugawiwa hata mgomba mmoja, na sidai, lakini kila nikiota niko kwenye kihamba kile.

Dirishani kwa Bwana Arthur kuna sale. Ndiyo, masale yetu tunayopanda mpakani mwa kihamba, huku wanayanunua kwenye chungu kama pambo! Nimemwomba jani moja, nimelipiga fundo, limo ndani ya bahasha hii. Mila unaijua: anayeomba msamaha akileta sale, hakataliwi. Nisamehe uongo wangu, na mdomo wangu.

Msalimie mama, na wifi yangu mvumilivu, na baba mdogo anayetunza kaburi la baba. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ijumaa, yule bwana akikuwekea karatasi mezani, lishike hilo jani mkononi. Kisha tia sahihi, ukiweza.

Dada yako,
Anastazia