Ngumi ya Kwenye Jalada

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Kile kitabu chetu kipya cha historia ya nchi tumekizindua leo. Unaikumbuka picha ya jalada, ile ya siku ya uhuru, mwanamume kanyanyua ngumi? Maelezo yake niliandika mimi: “Mwananchi akishangilia uhuru.” Sikumuuliza mtu.

Mgeni rasmi kasimama, kaonyesha kijana wa baiskeli pembeni ya picha. “Huyu ni mimi. Nilikuwa nawahisha habari za uhuru mitaani.” Ukumbi mzima makofi. Na mimi nikapiga.

Bibi mmoja mstari wa mbele akainuka polepole. “Mwenye ngumi ni marehemu mume wangu. Hakuwa anashangilia. Alikuwa anapiga kelele za mwizi.”

Za mwizi. Nakala elfu tatu zimeshachapwa.

Akamgeukia mgeni rasmi. “Baiskeli yetu tuliitafuta mwaka mzima, baba.”

Kelele za mwizi, mwenzangu, na mimi nimeandika anashangilia.

Nimefungua mlango kidogo, nachungulia: sasa mgeni rasmi anasaini vitabu, na bibi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Anataka sahihi juu ya ile baiskeli ya jaladani. Kalamu kaja nayo kutoka nyumbani.