Bei Tuliyoipanga Kwenye Kikundi cha Misiba

Jumatatu, 5 Mei
Fuso ndogo imerudi kutoka Goweko na marobota 118 ya tumbaku. Dizeli imezidi lita nane. Dereva anasema tope. Tope mwezi wa tano!

Wamenipiga faini. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana, sote wenye malori, kumi na mmoja. Kosa langu: nimebeba mzigo wa Goweko kwa shilingi mia tatu pungufu kwa robota. Bei tuliipanga mwezi uliopita, tulipomaliza kuchanga rambirambi. Nimekasirika sana. Nilianza na mkokoteni sokoni, hakuna aliyenipangia bei.

Alhamisi, 8 Mei
Kwa Wakili Neema, yule binti mwenye ofisi juu ya duka la pembejeo. Nilitaka awashtaki. Nikampa muhtasari wa kikao. Akausoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama Joyce, nani kaandika hii?"

Mimi. Ndimi katibu. Saini zote kumi na moja, muhuri juu yake. Nilikuwa najisifu kwamba hakuna kikundi Tabora chenye mihtasari safi kama yetu.

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Washindani kukaa na kupanga bei ni kosa kwa sheria ya ushindani. Hata kama ni kikao cha msiba. Hata kama bei yenyewe ni ya haki. Na ile faini ya aliyepunguza inazidisha ubaya, maana inaonyesha tulikusudia. Adhabu huhesabiwa kwa mauzo ya mwaka, si faida.

Nilipiga hesabu juu ya bodaboda. Ninazo Fuso mbili. Ningebaki na moja.

Jumamosi, 10 Mei
Ushauri wa Wakili. Nisichome karatasi, hilo ni kosa jingine. Nikinyamaza kikaoni nimekubali. Nisimame, nikatae, kukataa kwangu kuandikwe, nitoke. Kisha niende Tume ya Ushindani mwenyewe kabla sijafuatwa.

Rahisi kwake. Hawa ndio waliochimba kaburi la mume wangu. Mama ana miaka themanini na mbili, yuko chumba cha pili. Nikitoka, nani atambeba siku yake ikifika?

Naogopa.

Alhamisi, 15 Mei
Kikao, kwa Mzee Mayunga, mwenyekiti wetu. Ajenda ya tatu: bei ya mizigo ya Urambo. Nikasimama. Nikasema misiba tubaki nayo, bei kila mtu apange yake, maana tukikamatwa tumekamatwa wote.

Mzee Mayunga: "Katibu, uhakimu umeanza lini?"

Kicheko. Mwingine akadakia, "Mwacheni, anaitaka Urambo yote peke yake."

Nikaomba iandikwe kwamba nimekataa. Wakanitazama, maana anayeandika ni mimi. Basi nikaandika mwenyewe: Mama Joyce amekataa, ametoka saa tano na dakika kumi. Nikagonga muhuri, nikamwachia mwenyekiti mezani.



Jumatatu, 19 Mei
Wameniondoa kwenye kundi la simu. Miaka tisa. Imeniuma kuliko faini.

Wakili amepeleka maelezo yangu tume. Tunasubiri. Hakuniahidi kitu, na hilo nimelipenda.

Goweko wameniita tena. Bei nimeikokotoa peke yangu: dizeli, tairi, dereva, makuli, na changu.

Jumamosi, 24 Mei
Mama yake Mzee Mayunga amefariki, Urambo. Hakuna aliyenipa taarifa, nimesikia sokoni. Nikaenda na mchele kilo ishirini.

Wanaume walikuwa kwenye turubai wakizungumza. Nilipopita wakanyamaza. Nikampa mwenyekiti pole na shikamoo. Akaitikia marahaba, macho chini. Jikoni mkewe akanisogezea kisu na beseni la vitunguu. Nikamenya mpaka vikaisha.

Nimefika nyumbani jua halijazama. Mama aliuliza nani kafa, nikamwambia. Akauliza watu walikuwa wengi?

Wengi, nikasema.

Akageukia ukutani, akalala.