Boriti za Jiko la Mama

Igowole, Jumapili, Novemba

Na mimi ndiye niliyezisifu zile boriti kwa fundi: nyeusi kwa masizi, mchwa hawazigusi, na hatukati mti hata mmoja. Mama alikubali nibomoe jiko lake la zamani, nikazipandisha kwenye sebule ya nyumba yangu mpya ya udongo.

Leo nimemkuta anachambua mahindi ya mbegu, mbegu aliyoachiwa na bibi. Yote yamebunguliwa. Miaka yote aliyatundika kwenye boriti zile juu ya moto, moshi ukayalinda.

“Mama, mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa umefurahi sana, mwanangu. Mbegu nitanunua dukani.”

Nimerudi, nimekaa chini ya boriti zake. Kila mgeni nimemwambia nyumba hii nimeijenga kwa vitu visivyokuwa na kazi tena.