Mama na Ile Taa Nyekundu

Mghange, Julai 1987

Kaka Danson,

Maharagwe yamekubali mwaka huu, na ng'ombe amezaa. Mengine unajionea huko Ujerumani kwenye kanda, tangu umtumie ndugu yetu Alexander hiyo kamera ya video.

Umemsifu kwa kulima amevaa tai. Danson, wewe si mzaliwa wa hapa? Uliona nani akilima na tai? Taa nyekundu ya kamera ikiwaka, anashika jembe. Ikizimika, anakaa kivulini.

Na mkewe Jedidah umemwita malaika, eti anamlisha Mama kitandani kwa kijiko. Vijiko viwili vitatu, Alexander anazima, na malaika wako anaondoka na sahani. Betri ikipelekwa Voi kuchajiwa, Mama anashinda njaa mpaka nitoke kwangu nije.

Jumapili nilimpelekea kimanga cha moto, muhogo na maharagwe niliyoyaponda laini. Nikamsogezea kijiko, akakataa kufungua mdomo. Alitazama mlangoni kwanza, akaniuliza polepole, "Wakio, taa imewaka?"

Haya, endelea kuwasifu.

Ni mimi dadako, nisiyeonekana kwenye kanda,
Wakio