Sabufa Kubwa Kuliko Sebule

Mwanangu,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe. Na gesi uifunge, si kama jana. Mimi nimekwenda kwa dada yako.

Fundi ameleta sabufa yako asubuhi, ulipokwisha kutoka. Alipoiwasha, vikombe vilicheza kabatini na meno yangu ya bandia yakacheza kwenye glasi. Nikamwambia dude hili ni la ukumbi wa harusi, kwa sebule hii inatosha ya inchi nane. Akajibu, “Hata mimi naona, mama, ila vipimo kanitumia mwenyewe.” Akanionyesha kwenye simu. Umejumlisha sebule na chumba changu!

“Kwani ukuta huu hauvunjwi?” Fundi ananiuliza mimi, nimemshikia kikombe chake cha chai!

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi niliyekuzaa naletewa nyundo, tena kwa siri.

~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumapili. Sabufa irudishe, ulete inayoenea sebuleni. Nguo zangu usiziguse.

Na ukuta ukikushinda kuuacha, uvunje nikiwa ndani, unitazame machoni.

Mama yako,
wa upande wa pili wa ukuta