Mita ya Jengo Tupu

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya yote, u hali gani? Shemeji je, na watoto? Yule mdogo meno yameshachomoza, au bado anawatafuna vidole? Sisi huku ni wazima wa kusimama na kutembea, ingawa mimi kutulia ndiko kulikonishinda. Barua hii nimeianza mara nne. Najua utasema kwa nini sikupiga simu. Ningepiga ungeisikia sauti yangu ukanibana, na mimi nikibanwa husema mambo nusunusu. Afadhali karatasi, haimkatizi mtu.

Habari zenyewe ni za lile jengo tulilochangiana. Wewe umeliona kwenye picha tu, kwa hiyo nikueleze. Mbele ni ukumbi mmoja mpana, uliokuwa wa kuokea mikate, madirisha yake bado yamebandikwa magazeti kwa ndani. Nyuma kuna stoo yenye mlango wake unaotokea uchochoroni. Stoo hiyo ilijaa makorokoro ya mwenye nyumba wa zamani, nami sikuwahi hata kuifungua; ufunguo wake niliutundika msumarini jikoni nikausahau. Nilikuwa nasubiri fundi paa amalize ndipo nihamishie cherehani zangu na vitambaa vya mapazia. Miezi mitano jengo likawa tupu, likaliwa na vumbi tu.

Basi ikaja bili ya umeme. Juu imeandikwa "Kwa Mmiliki", chini imeandikwa tarakimu ambayo sifuri zake nilizihesabu kwa kidole, mara mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikakaa chini palepale mlangoni.

Kesho yake nikaenda ofisi ya umeme. Nilipokelewa na karani mmoja, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, ambaye wateja wote humwita Bwana Subiri. Nilidhani ni masihara hadi nilipokaa kwenye benchi lake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Lakini nisimseme vibaya, alinielewesha vizuri. Alisema sehemu kubwa ya deni lile ni ya waoka mikate, na iliyobaki ni ya tangu nilipokabidhiwa funguo. Tena kwa kuwa sikuwa nimeandikisha mkataba kwa jina langu, walikuwa wananitoza bei ya biashara isiyo na mkataba, ambayo ndiyo ya juu kuliko zote. Nikatoa hati ya mauziano, na ile picha ya mita uliyoniagiza niipige siku ya makabidhiano. Dada, ile picha iliniokoa. Baada ya safari tatu na mihuri miwili, deni la waoka mikate likafutwa.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Nilimwambia Bwana Subiri kwamba jengo ni tupu, hata balbu moja sijawasha. Akavaa miwani yake, akanitazama, akasema, "Mama, mita haina mdomo wa kusema uongo. Mdomo tunao sisi."

Toka siku hiyo sikuwa na raha. Kila asubuhi kabla ya kushika mkasi nilikuwa nakimbilia kule kuisoma mita. Siku moja imelala vilevile, siku ya pili imeruka. Nikamleta fundi umeme, akapima, akasema nyaya ni nzima, kuna mtu anautumia huu umeme. Mtu gani? Nikaanza kumtazama kila anayepita. Mapazia ya mteja mmoja, maua yake yote nikayashona vichwa chini. Alipoyatundika akaniuliza kama huo ndio mtindo mpya.

Jirani wa jengo lile, wa ukuta mmoja, ni mjane anayeuza barafu na vinywaji baridi, kila mtu anamwita Mama Barafu. Ana mafriza mawili, yote yameegemea ukuta wetu, yanaguruma kutwa. Nikajiambia, ala, mwizi si huyu hapa! Sikumuuliza. Nilimwambia kinyozi, nikamwambia fundi viatu, nikamwambia muuza dawa wa pale kona, kisha nikaandika malalamiko rasmi ofisini.

Wakaguzi wakaja. Wakakuta kweli kuna waya wa zamani unaopenya ukutani, wa tangu majengo yale mawili yalipokuwa moja. Hawakuchunguza kama una kazi au hauna. Wakamkatia umeme wakasema uchunguzi unaendelea. Mama Barafu aliwaambia, mbele yangu, "Waulizeni wenyewe ni nani anafanya kazi huko nyuma." Mimi nikaona ni maneno ya mtu anayetapatapa. Kufikia alasiri barafu yake ilikuwa inatoka chini ya mlango, inavuka njia hadi mtaroni, watu wanairuka. Alikuwa ameketi kizingitini na taulo begani, hafuti kitu.

Siku tatu baadaye nikaenda kusoma mita. Imeruka tena.

Dada, Mama Barafu hana umeme na mita inaruka; nikakumbuka lile neno lake, "huko nyuma". Nikafunga duka langu mchana, nikarudi kule nikapita uchochoroni. Kabla sijafika nikasikia harufu ya chuma kilichoungua, harufu tuliyokulia, wewe na mimi. Chini ya mlango wa stoo mwanga wa bluu unacheza. Nikausukuma.

Alikuwa Baba. Ngao usoni, mashine ya kuchomelea miguuni, ileile tuliyomshurutisha aiuze, akatuambia kaiuza. Ule ufunguo wa msumarini jikoni umo kitasani, ameyasogeza makorokoro yote upande mmoja, ameweka meza, nyundo zake zimepangwa ukubwa kwa ukubwa. Mbele yake lango la chuma la mtu, nusu limekwisha. Na sisi tulidhani kila siku anakwenda kucheza drafti na wastaafu wenzake!

Nikamkumbusha aliyosema daktari, kwamba jicho moja limeshakufa na hili la pili mwanga ule utalimaliza. Nikamkumbusha operesheni uliyomlipia kwa kufanya kazi siku zako zote za mapumziko. Alivua ngao akaiweka mezani taratibu. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema, "Mlininyang'anya mashine mkanipa kiti. Mimi si mtu wa kukaa, mwanangu."

Kisha akaniomba jambo moja, nisikuambie wewe. Nami nikakubali.

Sasa nifikie lile linalonifanya niandike. Siku mbili baada ya hapo niliitwa ofisini kumaliza kesi yangu. Bwana Subiri akaniwekea fomu, pameandikwa kwamba mlalamikaji hamjui mtumiaji wa umeme huo. Akanieleza kuwa nikitia sahihi, deni litatoka kwangu litakwenda kwa mwenye waya, yaani Mama Barafu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye meza. Nilijua, Dada. Nilijua ni nani, nilijua hata lango lile ni la rangi gani. Nikatia sahihi. Nikatoka pale nimeshinda, mtu mwingine kabebeshwa deni la baba yetu, na nikanunua soda njiani nikainywa kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu mpaka chupa ilipokwisha. Siku kumi na moja nilizunguka na jambo hili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikishona nainuka, nikiinuka naketi. Kupita mbele ya Mama Barafu sikuweza, nikawa nazunguka mtaa mzima ili nifike kwangu. Nilijitetea kwamba namlinda Baba. Nilijitetea kwamba nalinda jengo, maana humo mna jasho lako. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuaibika, basi.

Jumatatu nikapiga moyo konde nikarudi ofisini, nikamwambia Bwana Subiri nataka kuondoa sahihi yangu na deni lirudi kwangu. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akasema kwa miaka yote ya kazi yake watu humjia kulia kwamba bili ni kubwa. Wa kuja kuidai bili aliyokwisha kuepuka, hajapata kumwona. Akaniandikia mkataba kwa jina langu, bei ikashuka, na kilichobaki akakigawanya nilipe mwezi kwa mwezi. Mama Barafu akarudishiwa umeme siku ileile, ila friza moja halikuwaka tena.

Nikaenda kumwomba radhi na kumwambia nitalilipa friza. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Akasema, "Baba yako alikuwa akinisalimia kila siku, nilidhani unajua yumo humo, ungeniuliza ningekuambia." Halafu akasema, "Friza utalipa, sawa. Lakini jina langu je? Waliosikia kwako kuwa mimi ni mwizi, nenda wakasikie kwako kuwa mimi si mwizi."

Nilikwenda, Dada. Kwa kinyozi, akiwa na mteja kitini, na mteja naye akasikia. Kwa fundi viatu, ambaye alitikisa kichwa bila kuinua macho. Muuza dawa akaniuliza sasa mwizi ni nani, nami nikasema ni sisi. Mama Barafu bado hanijibu salamu, ila jana alininyooshea kidole kuwa turubai langu linapeperuka juu ya paa.

Jana hiyohiyo nilimwambia Baba kuwa siri yake siwezi kuibeba tena. Nikamwekea karatasi na kalamu akuandikie mwenyewe, maana wewe ulimuuguza na wewe ndiye unayestahili kusikia kwake. Aliishika karatasi, akaipindua, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali. Akanirudishia. Akasema, "Andika wewe, mama. Mistari siioni tena."

Tangu lini? Anasema tangu mwezi uliopita. Nikakumbuka lile lango: maungio yalikuwa yamepinda, Dada, maungio ya Baba, mtu aliyekuwa akichomelea mshono ulionyooka kama uzi wa timazi. Niliyaona siku ile nikadhani ni uzee. Halafu nikanyamaza wiki mbili, naye bado anakwenda kuchomelea.

Daktari amempangia Alhamisi ijayo kumpima jicho. Ufunguo wa stoo amenikabidhi mwenyewe, sikumnyang'anya. Leo tangu asubuhi ameketi, anapapasa nyundo moja. Nigombeze ukitaka, nastahili, lakini nigombeze ukiwa hapa. Omba ruhusa kazini uje kabla ya Alhamisi, aione sura yako angali anaona.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto kwa niaba ya mama yao mdogo. Baba anakusalimu; amesema niandike kwamba hajambo. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Mziwanda