Jina Linalotokea Nikilipa Nauli

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga mguu tena kutoka Jericho hadi Eastleigh, kupitia Bahati. Raba miguuni, viatu vya kazi mfukoni. Nimefika cherehani nimelowa jasho na yule mteja wa mapazia ananingoja amenuna. Siwezi kutembea kila siku, magoti yanakataa. Nauli ya matatu nayo inapanda makanga, yule mtoza nauli wa mlangoni, anapotaka. Asubuhi watu wakiwa wengi, jioni watu wakiwa wengi, mawingu yakikusanyika tu. Hakuna aliyewahi kunieleza mawingu yanamaliza mafuta gani ya gari.

Lazima nibane. Karo ya Nyambura ya muhula huu nimetoa yote. Juni ana mtihani wa mwisho wa uhasibu. Nina mtoto mmoja tu. Akipita huo mtihani mimi nimeshinda.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima njia zote za kulipa. Ukitoa kesh, makanga anasahau chenji yako mpaka ushuke. Kuna kadi ya kampuni, lakini wanataka utie pesa kwanza, na pesa yangu ikilala kwa watu mimi silali. Simu je? Ukituma kidogo kidogo hawakati kitu. Ukituma ya wiki nzima kwa mkupuo, wanakata.

Oti, makanga wa lile gari la kijani, ameniinamia leo kama mhubiri, ananiita mama kwa lugha yao ya steji. "Mathe, wewe lipa na simu. Nakufanyia bei moja, mvua jua, ni same tu." Namba ameiandika kwa kalamu nene juu ya mlango.

Kwa nini anipendelee mimi? Mtu wa steji hakupi kitu bure. Kesh inaenda kwa mwenye gari. Ya simu inaenda kwa nani? Rahisi ghali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu ya simu. Bei ilikuwa ile aliyosema. Kisha ujumbe ukarudi, kwamba pesa zimeenda kwa Faith Nyambura Ng'endo.

Nilidhani nimebonyeza vibaya nikamtumia binti yangu. Nikatazama tena. Ni namba ya mlangoni. Ya Nyambura naijua kwa kichwa na hii si yake.

Ng'endo ni mimi. Baba yake alipoikana mimba, nilimwandikisha mtoto kwa jina langu. Labda Nairobi hii kuna Faith Nyambura Ng'endo mwingine, naye mama yake alikanwa vilevile. Labda. Siamini.

Ijumaa, 7 Machi

Jina lilelile.

Nimemwuliza Oti laini hii ni ya nani. "Ya gari, Mathe." Gari halina kitambulisho! Halafu akaangalia pembeni. Nimemtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mkufu shingoni, meno mazuri, kicheko cha karibu. Namchukia.

Sasa naelewa kila kitu. Amemlaghai msichana wangu amsajilie laini. Leo laini, kesho mimba. Ndiyo maana napunguziwa bei, anatafuta baraka za mama mkwe kwa njia ya nauli. Nimeshona pazia moja ndani nje.

Jumamosi, 8 Machi

Nyambura ametoka kabla jua halijachomoza. Eti darasa la ziada. Jumamosi!

Alipokuwa anaoga nilipekua begi lake. Sina haya kuliandika hili, begi nililinunua mimi. Kitabu kimoja cha hesabu za kampuni, kurasa bado zimegandana. Peremende za koo. Vumbi jingi. Barua ya mapenzi hakuna, lakini siku hizi nani anaandika barua?

Jioni nikamwuliza masomo vipi. "Poa, Mum." Poa. Mtoto aliyekuwa akinisimulia hata mwalimu alivyopiga chafya. Naogopa. Nimemlea peke yangu ili asipitie nilipopitia, na sasa namwona anaelekea kulekule.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwambia Nyambura naumwa mgongo, siendi kazini. Alipotoka tu nikajifunga leso kichwani nikatembea hadi steji ya Bahati, ambako Oti hanitarajii. Nia yangu ilikuwa kuwafumania.

Gari la kijani likaja. Oti alikuwa ameketi mbele kando ya dereva, anakula mahindi kama abiria. Mlangoni alining'inia Nyambura. Sare ya maruni ya makanga. Noti zimekunjwa kati ya vidole. Anagonga bati.

"Eastleigh, Eastleigh! Wawili wa haraka! Mathe, ingia twende."

Hakunitambua kwa ile leso. Nikaingia.

Jamaa mmoja alikataa kulipa zaidi ya alivyozoea. Nyambura akamwambia, "Buda, hii si gari ya babako. Lipa ama ushuke, watu wanachelewa." Akalipa. Ule mdomo ni wangu kabisa.

Akafika kwangu. "Mum." Basi. Nikamnyooshea pesa. Akazipokea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na sijui nilitaka afanye nini.

Jumanne, 11 Machi

Jana jioni nilipiga kelele mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri.

Aliacha chuo Januari. Hesabu za makaratasi hazimwingii, anasema, akikaa darasani anahisi kufa. Oti ni mwenzake wa zamu tu, ana mke na mapacha. Asubuhi Nyambura alikuwa akishukia Bahati ili nisimwone Jericho, Oti anatupakia peke yake, naye anapanda tena mzunguko unaofuata. Laini ni ya Nyambura, na ile bei moja ilitoka kwake. Mvua ikinyesha, tofauti anaifidia mwenyewe.

Yaani nilikuwa nabania nauli yangu nimlipie karo, na anayebaniwa ni yeye. Mjinga ni nani hapo?

Karo ameirudisha, yote, kutoka laini hiyohiyo. Nimeangalia kiasi. Kimetimia. Nimeangalia tena.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Ungekubali?" Nisingekubali. Hata sasa sikubali.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Hatuongei. Nimetembea.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nimeombea magoti tu. Mengine sikujua niyaombeje.

Nilirudi nikamkuta anafua sare kwenye karai, anasugua kola kwa brashi ya viatu. Nikakaa kwenye kizingiti. Bila kuniangalia akaanza kunieleza: nisipande karibu na sokoni, nitembee hadi steji ya pili, hapo gari lina nafasi na makanga hana kiburi. Nikasikiliza. Anaijua kazi yake.

Bado nina hasira. Bado naona kuna kitu hajaniambia, na pengine hakipo.

Nikamwuliza huko barabarani anakula saa ngapi. Akasema hapo katikati hakuna nafasi, mpaka gari lilale. Akasema kama jambo la kawaida.

Nimeloweka maharagwe na mahindi. Ile mikebe ya plastiki nimeijaza maji mmoja mmoja na kuigeuza juu chini, hadi nikapata mmoja ambao kifuniko chake hakivuji hata gari likirukaruka.